Kuyapima Mapafu kwa Sumaku: Kipimo cha MRI na Magonjwa Sugu ya Kifua

Katika ukurasa wetu wa afya safari hii tunapenda kuzungumzia kipimo ambacho wengi wenu mmekisikia kikitajwa hospitalini, na ambacho gharama yake imewahi kuzitoa jasho familia nyingi, yaani kipimo cha MRI. Hatutazungumzia kichwa wala uti wa mgongo, ambako kipimo hiki kimezoeleka, bali mapafu. Mtu amekohoa miaka, akipanda kilima cha kwenda kisimani anasimama mara tatu, picha ya eksirei imetoka na daktari amesema mapafu yamechakaa. Ndipo jirani anapokuja na habari kwamba kuna kipimo kikubwa zaidi kinachoona kila kitu. Nyumbani kikao kinakaa, na ng'ombe anatafutiwa mnunuzi. Yafaa basi tujue kipimo hiki kinaona nini ndani ya mapafu, hakioni nini, na ni mgonjwa gani anayefaidika nacho, kabla ng'ombe hajatoka zizini.

Tunaposema magonjwa sugu ya mapafu tuna maana ya maradhi yanayokaa na mtu miezi na miaka, si nimonia ya wiki mbili. Pumu imo humo. Umo pia ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ambao huwapata wavuta sigara na kadhalika akina mama waliopikia kuni katika jiko lisilo na dirisha tangu usichana wao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu peke yake uliua watu wapatao milioni 3.5 duniani katika mwaka 2021. Yamo makovu yanayobaki baada ya kifua kikuu kupona, vumbi la mawe katika mapafu ya wachimbaji, mapafu ya watoto njiti ambayo hayakupata muda wa kukomaa tumboni, na ule ugonjwa wa kurithi wa ute mzito unaoziba mirija ya hewa, ambao huwapata zaidi watoto wa asili ya Ulaya. Kila mmoja una njia yake ya kuharibu, lakini mgonjwa hulalamikia jambo lile lile: pumzi haitoshi.

Umbo na kazi

Hewa tunayoivuta hupita kooni, ikaingia katika mirija inayogawanyika kama matawi ya mti, mpaka ikaishia katika vifuko vidogo sana vya hewa. Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba kuliko karatasi, na upande wa pili wa ukuta huo damu inapita. Hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia katika damu, na hewa iliyotumika inaporudi kutolewa nje. Ni dhahiri basi kwamba pumzi inaweza kukwama mahali pengi. Pengine mrija umeziba kwa ute au umebana. Pengine vifuko vimebomoka vikawa mashimo makubwa yasiyo na faida. Pengine hewa inafika vizuri kabisa lakini ukuta umekuwa mnene kwa makovu, au damu ndiyo isiyofika.

Picha ya eksirei ni kivuli cha kifua chote kilichobanwa katika karatasi moja. Inafaa sana, ni rahisi, na haipaswi kudharauliwa. Kipimo cha siti skani hutumia mionzi ile ile ya eksirei, lakini hukikata kifua vipande vipande kama mkate, na kwa umbo la mapafu hakuna picha inayokishinda. Tatizo ni kwamba vyote viwili, jinsi vinavyotumika kila siku, huonyesha umbo. Havimwambii daktari kwa hakika hewa inafika wapi na haifiki wapi.

Kipo kipimo cha kupuliza, yaani spirometria. Mgonjwa hujaza kifua hewa, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote ndani ya bomba, na mashine huandika ametoa hewa kiasi gani na kwa kasi gani. Kipimo hiki ndicho msingi wa kuutambua ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa: mtu akishindwa kutoa asilimia 70 ya hewa yake katika sekunde ya kwanza, hata baada ya kupewa dawa ya kufungua mirija, njia zake zimeziba. Lakini spirometria ni kama kupima mavuno ya shamba zima kwa magunia. Unajua jumla ya magunia. Hujui ni kona ipi ya shamba ambayo haikuota kitu. Mapafu yana akiba kubwa, na sehemu fulani inaweza kufa kimya kimya wakati jumla bado inaonekana nzuri. Hapo ndipo wataalamu walipotamani kupata picha inayoonyesha umbo na kazi kwa pamoja, tena bila mionzi.

Sumaku inavyopiga picha

Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wetu ni maji, na katika kila chembe ya maji zimo chembe mbili za haidrojeni. Kiini cha haidrojeni kina tabia ya sumaku ndogo mno. Kwa kawaida sumaku hizo zimeelekea huku na kule bila mpango. Mgonjwa akilazwa ndani ya sumaku kubwa, zinajipanga kidogo kufuata upande mmoja. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5, ambayo ni kama mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayougeuza mshale wa dira. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio, viini vinayumba, na vinapotulia vyenyewe hutoa mawimbi hafifu ya redio. Mashine huyasikiliza, na kompyuta huyageuza kuwa picha. Hakuna eksirei hapo. Ni sumaku na redio tu.

Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alionyesha jinsi ya kupata picha kwa njia hii, naye Peter Mansfield wa Uingereza akaiendeleza kwa hesabu na kwa kasi. Wote wawili walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2003. Katikati hapo yupo Raymond Damadian wa New York, ambaye tarehe 3 Julai 1977 alipata picha ya kwanza ya mwili wa mtu hai, na picha yenyewe ilikuwa ya kifua! Alikwisha jaribu kujiingiza mwenyewe katika mashine, hakupata kitu, wakaona huenda unene wake ndio uliozuia. Basi akaingizwa msaidizi wake mwembamba, Larry Minkoff, akakaa humo karibu saa 5 nzima kwa ajili ya picha moja. Damadian hakuwekwa katika tuzo ya mwaka 2003, akanunua kurasa nzima za magazeti kulalamika. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Linalotuhusu ni kwamba safari ya MRI katika mwili wa binadamu ilianzia kifuani, na bado kwa miaka mingi mapafu ndiyo yaliyokuwa kiungo kigumu kuliko vyote kwa mashine hiyo. Katika picha, moyo ulionekana, mishipa ilionekana, na mahali pa mapafu palikuwa na weusi mtupu.

Kwa nini mapafu yalikuwa giza

Sababu ya kwanza mtaifahamu mara moja. Mashine inasikiliza maji, na mapafu yamejaa hewa. Mapafu yote mawili ya mtu mzima yana uzito wa kilo moja hivi, lakini yametandazwa katika nafasi ya lita kadhaa. Ni kama kutafuta sauti ya watu kumi waliotawanyika katika uwanja wa mpira.

Sababu ya pili ni ngumu kidogo. Hewa na nyama haziitikii sumaku kwa namna moja. Mahali zinapokutana, nguvu ya sumaku huvurugika kidogo, na katika mapafu zinakutana kwenye ukuta wa kila kifuko, mara mamia ya mamilioni. Kwa sababu hiyo sauti ya haidrojeni ya mapafu hufifia haraka ajabu, katika muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mashine za zamani zilipoanza kusikiliza, sauti ilikwisha kufa. Na hapa kuna jambo linaloshangaza: sumaku ikiwa na nguvu zaidi, uvurugaji huu unazidi. Ndiyo maana mwaka 2019 wataalamu wa taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha kwamba mashine ya kisasa yenye nguvu ya tesla 0.55 tu, yaani karibu theluthi moja ya ile ya kawaida, inaweza kupiga picha nzuri za mapafu. Mashine yenye sumaku ndogo aghalabu huwa nyepesi na ya gharama nafuu zaidi. Kwa hospitali za nchi zisizo tajiri tunaona habari hii ina uzito kuliko nyingi zinazotangazwa kwa vishindo.

Sababu ya tatu ni kwamba mapafu hayatulii. Kifua kinapanda na kushuka, na moyo unadunda katikati yake.

Mbinu zilizopatikana zinajibu sababu hizo moja baada ya nyingine. Mashine imefundishwa kuanza kusikiliza mapema mno, kabla sauti haijafifia. Mwendo wa kifua unashughulikiwa ama kwa kumwomba mgonjwa ashikilie pumzi kwa sekunde kumi na kitu, ama kwa kuifuatilia pumzi yenyewe, ili kompyuta ichukue tu vipande vilivyopatikana kifua kikiwa mahali pamoja. Wajerumani walikwenda mbali zaidi, wakaugeuza udhaifu kuwa faida. Mtu akivuta pumzi, mapafu yanajaa hewa na picha inafifia kidogo. Akitoa, inang'aa kidogo. Moyo nao ukisukuma damu, mng'ao unabadilika kwa mwendo wake wenyewe ulio wa kasi zaidi. Kompyuta inaweza kuitenganisha midundo hiyo miwili, kama sikio linavyotenganisha ngoma na kayamba katika wimbo mmoja, kisha ikaonyesha sehemu ipi ya pafu haipati hewa na sehemu ipi haipati damu. Mgonjwa hapewi gesi wala sindano. Anapumua tu kama kawaida yake.

Gesi inayowaka katika picha

Ipo njia nyingine ambayo tungependa kuieleza kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyofungua macho ya madaktari kuliko zote. Badala ya kusikiliza maji ya mwili, kwa nini mgonjwa asivute gesi ambayo yenyewe inatoa sauti? Gesi hiyo ni zenoni. Imo katika hewa tunayoivuta kila siku lakini kwa uchache mno. Katika lita milioni moja za hewa haifiki hata sehemu ya kumi ya lita moja. Haina rangi, haina harufu, haichanganyiki kwa urahisi na kitu kingine.

Zenoni ya kawaida ikiwekwa katika mashine haitasikika vizuri. Lazima kwanza iandaliwe. Mwanga mkali wa leza huelekezwa kwenye mvuke wa madini ya rubidi. Mvuke huo hupokea mpangilio kutoka katika mwanga na kuupitisha kwa zenoni, mpaka viini vya gesi vikajipanga kwa wingi sana kuliko sumaku peke yake ingeweza kuvipanga. Sauti yake huongezeka kama mara laki moja. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walionyesha picha za mapafu ya panya zilizopigwa kwa gesi hiyo.

Kwa binadamu ilitangulia gesi nyingine, aina adimu ya heli, ambayo sauti yake ni kubwa zaidi. Lakini aina hiyo hupatikana hasa kutokana na vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya silaha za nyuklia, na baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Wamarekani waliitumia kwa wingi katika vifaa vya kukagua mizigo bandarini na mipakani. Akiba ikapungua, bei ikapanda, na watu wa mapafu wakarudi kwa zenoni. Waligundua kwamba hawakupoteza kitu. Heli hubaki ndani ya vifuko vya hewa, basi. Zenoni hufanya kama oksijeni: inapenya ukuta wa kifuko, inaingia ndani ya damu, na kila mahali inapofika inabadilisha sauti yake. Mashine inaweza kuitambua zenoni iliyo hewani, iliyo ndani ya ukuta, na iliyokwisha fika katika chembe nyekundu za damu. Kwa pumzi moja daktari anajua hewa inafika wapi, ukuta una hali gani, na damu inapokea kiasi gani.

Kwa mgonjwa mambo ni mepesi. Anavalishwa kama fulana yenye waya za kupokelea mawimbi, analala ndani ya mashine, anavuta gesi kutoka katika mfuko, isiyozidi lita moja kwa mtu mzima, anashikilia pumzi sekunde 10 hadi 15, basi. Zenoni kwa wingi ni dawa ya usingizi, kwa hiyo si ajabu mtu kujisikia kizunguzungu kidogo au ganzi midomoni, lakini hali hiyo hupita upesi. Mwezi Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha gesi hiyo kwa kupima jinsi hewa inavyoenea mapafuni, kwanza kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea.

Na picha zenyewe? Katika mtu mzima wa afya, mapafu mawili yanang'aa kila pembe. Katika mgonjwa wa pumu unaona jani lililoliwa na viwavi: hapa pametobolewa, pale pamekatika ukingo. Iliaminika zamani kwamba pumu hubana mapafu yote kwa usawa. Picha zimeonyesha kwamba sivyo. Baadhi ya matundu hurudi mahali pale pale mgonjwa akipimwa tena baada ya miezi, na mengine yamekutwa yakiwa mbele ya mrija ulioziba kwa kigaga cha ute. Kwa mvuta sigara, matundu huweza kuonekana wakati spirometria bado inamwambia yu mzima.

Mfano uliotugusa zaidi ni wa wagonjwa wa korona. Mwaka 2021 watafiti wa Oxford na Sheffield huko Uingereza waliwapima watu ambao miezi kadhaa baada ya kupona walikuwa bado wanaishiwa pumzi. Siti skani yao ilikuwa safi au karibu safi. Watu wa namna hiyo huambiwa hawana kitu, na wengine hurudi nyumbani wakishukiwa uvivu. Picha za zenoni zilionyesha kwamba hewa ilifika vizuri katika vifuko, lakini kuvuka kwake kuingia katika damu kulikuwa kumepungua. Kumbe malalamiko yao yalikuwa ya kweli.

Watoto, mionzi na moyo

Siti skani moja ya kawaida ya kifua ina mionzi kama mara 70 ya picha moja ya eksirei, ingawa mashine mpya zinaweza kuipunguza sana. Kwa mzee wa miaka 70 anayepimwa mara moja, hilo lisimtie hofu. Faida inazidi hatari. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa maisha yote, atakayehitaji kupimwa tena na tena hadi utu uzima, hesabu inabadilika. Ndiyo sababu huko Heidelberg, Ujerumani, watoto wenye ule ugonjwa wa ute mzito hufuatiliwa kwa MRI tangu uchanga wao. Picha huonyesha mirija iliyonenepa, ute uliogandama, na sehemu zisizopata damu, nyingine kabla mtoto hajaanza kuonyesha dalili kubwa. Huko Cincinnati, Marekani, waliweka mashine ndogo ya MRI ndani ya wodi ya watoto wachanga. Njiti ambaye mapafu yake yamedhurika hunyonyeshwa, huviringishwa vizuri, huwekwa ndani akiwa amesinzia, na picha hupatikana bila dawa ya usingizi huku akipumua mwenyewe.

Neno moja mintarafu moyo. Mapafu yakiwa magumu au mishipa yake ikiziba, upande wa kulia wa moyo, ambao ndio unaosukuma damu kwenda mapafuni, hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, ukatanuka na kuchoka. Miguu inavimba, ini linavimba. Kwa kupima ukubwa na nguvu za upande huo wa moyo, MRI ndiyo inayoaminika kuliko vipimo vingine vya picha, na kipimo hiki hakihitaji zenoni. Mashine ya kawaida ya hospitali kubwa inatosha, akiwepo mtaalamu anayejua kazi hiyo.

Sasa tuje kwa ng'ombe

MRI haimwoni mdudu wa kifua kikuu. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili anahitaji kipimo cha makohozi, na hakuna sumaku itakayochukua nafasi yake. Vinundu vidogo sana na makovu membamba ya mapafu bado vinaonekana vizuri zaidi kwa siti skani. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa hutambuliwa kwa kupuliza, na mgonjwa aliyepigwa MRI bila kupimwa spirometria amepandishwa ghorofani kabla nyumba haijawekewa msingi. Kipimo cha zenoni kinahitaji mtambo maalumu wa kuiandaa gesi karibu na mashine, pamoja na mashine iliyorekebishwa ili isikie sauti ya zenoni badala ya haidrojeni. Vituo vyake ni vichache hata katika nchi tajiri, na vingi viko Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Kwa hiyo, msomaji anayetushauri au kutuuliza kama amuuzie baba yake ng'ombe kwa ajili ya MRI ya mapafu, rai yetu ni kwamba mara nyingi hapana, si kwanza. Fedha hiyo ianze na makohozi, eksirei, spirometria, na dawa ya kuvuta inayotumiwa kila siku bila kukatisha. Kama kuna fedha ya ziada, itoboe dirisha la jiko. MRI ina haki ya kuzungumzwa pale ambapo daktari ana swali mahususi: kwa mfano, moyo wa kulia umechoka kiasi gani, au mama mjamzito mwenye ugonjwa wa mapafu anahitaji picha na mionzi haitakiwi. Mwulizeni daktari bila woga: "Jibu la kipimo hiki litabadilisha dawa gani?" Daktari mzuri hataudhika kwa swali hilo.

Siku ya kupimwa

Kama imeamuliwa kwamba mgonjwa apimwe, mjue kwamba sumaku ile haizimwi. Kwa kawaida hupozwa kwa heli ya maji yenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na inavuta chuma usiku na mchana, hata taa zikiwa zimezimwa na chumba kikionekana kitupu. Wagonjwa wa mapafu wana hatari yao maalumu hapa, maana wengi hufika na mtungi wa oksijeni. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 aliyekuwa ndani ya mashine alipigwa na mtungi wa oksijeni ulioletwa chumbani. Sumaku iliuvuta ukaruka kama jiwe la manati, na mtoto akafa. Ipo mitungi maalumu isiyovutwa na sumaku, na mara nyingi oksijeni huletwa kwa mpira kutoka ukutani. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa asivuke mlango wa chumba kile na mtungi, kiti cha magurudumu wala mkongojo, hata kama anaona mgonjwa anahema, mpaka aruhusiwe na mhudumu.

Mhudumu ataarifiwe mapema kama mgonjwa ana kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, vyuma vilivyofungwa mfupani, kibanio katika mshipa wa kichwani, kipande cha risasi au bomu mwilini, au kitanzi cha uzazi. Vingine havina neno, vingine vinaweza kuua. Si kazi ya mgonjwa kuamua. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyewahi kuingiwa na cheche jichoni aseme, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Saa, vibanio vya nywele, hereni, medali shingoni na rozari yenye mnyororo wa chuma vibaki kwa msindikizaji nje. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla ya kuchomwa sindano ya dawa ya kung'arisha picha.

Ndani mna kelele kama za mtu anayegonga bati kwa nyundo, na mgonjwa hupewa vizibo vya masikio. Nafasi ni nyembamba, na kwa kawaida kazi huchukua kati ya nusu saa na saa nzima. Kwa mgonjwa wa kifua, kulala chali muda huo ndiko kugumu kuliko kelele. Aombe mto chini ya magoti, atumie dawa yake ya kufungua mirija kabla ya kuingia, na akumbuke kitufe atakachopewa mkononi cha kuita msaada. Kushikilia pumzi kunaweza kuzoewa nyumbani siku chache kabla: alale chali, avute hewa kwa utulivu bila kujaza kifua kupita kiasi, mtu mwingine amhesabie polepole hadi kumi, apumzike, arudie. Akiona hawezi kufika kumi, amwambie mhudumu ameweza ngapi, maana mashine inaweza kupangwa kwa pumzi fupi zaidi, au kwa kupumua kawaida.